Mafuta Yasiyotoka Chunguni

Daktari wa kwanza kumwona Filemon hakuchukua hata robo saa. Alimlaza kitandani, akampaka tumboni ile dawa ya baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi chini ya mbavu za kulia huku macho yakiwa kwenye kioo, kisha akampa karatasi ya kujifutia.

"Ini lina mafuta, mzee. Acha vyakula vya mafuta, acha nyama nyekundu, acha pombe. Urudi baada ya mwaka tuangalie."

Elisifa, mkewe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani. Alimtazama mumewe akifunga mkanda. Mkanda ule Filemon aliutoboa mwenyewe matundu mawili ya ziada kwa msumari, maana tangu ujana wake suruali haikuwahi kumkaa kiunoni.

"Samahani, daktari," Elisifa akasema. "Mtu mwembamba hivi, mafuta yameingilia wapi?"

"Hata wembamba wanapata, mama. Ni chakula hicho." Na akaita mgonjwa mwingine.

Huo ulikuwa mwaka 2016. Walitoka pale kliniki, wakapanda kurudi Kirua Vunjo, na Elisifa akatazama dirishani njia nzima. Alikuwa akilifikiria jiko lake. Kama ni chakula, basi chakula kilikuwa mikononi mwake, na kama kilikuwa mikononi mwake, mumewe hatakufa. Alishuka garini akiwa ameshaamua.

Filemon alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa na wanne wa maziwa, aliwakatia majani mwenyewe na kuwaita kwa majina, na kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kabla jua halijapita juu ya migomba. Hakuwa na starehe nyingi. Mbege, pombe ya ndizi, alikunywa Jumamosi, kikombe kimoja kilichokaa mkononi mpaka mazungumzo yaishe. Lakini siagi ya nyumbani, ile inayosukwa kwenye kibuyu, aliipenda kuliko anavyostahili kupendwa mtu. Aliiweka kwenye ndizi zikiwa bado zinatoa moshi, akasubiri iyeyuke, ndipo akala, taratibu, bila kuongea na mtu.

Elisifa akakomesha yote hayo kwa wiki moja. Alinunua sufuria ndogo ya mumewe peke yake. Ndizi zikachemshwa kwa maji na chumvi. Mtori, supu ya ndizi na nyama, ukapikwa bila mifupa. Maziwa yake yakaenguliwa mpaka yakawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Filemon mwanzoni alicheka, akasema ameoa nesi bila kujua. Baadaye akaacha kucheka.

Mwaka wa pili, Krismasi, jirani alichinja mbuzi na wanaume wakakaa uani wakila. Elisifa alipita na kumkuta mumewe ana sahani mkononi, ameshika ubavu uliokaushwa vizuri motoni, mafuta yakimtiririka kwenye vidole. Alimnyang'anya ile sahani mbele ya wanaume wote, akaiweka mezani, akaondoka. Filemon alichukua kitambaa akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Wifi," Veronika, dada yake Filemon, alimwambia siku ile jikoni, "kakangu unamlisha kama mfungwa."

"Mimi nataka aishi."

"Anaishi? Hebu mwangalie."

Veronika hakunyamaza. Aliwasimulia watu kanisani na sokoni kwamba kaka yake analala na njaa katika nyumba yenye ng'ombe wanne. Wengine wakageuza upande wa pili, wakasema mtu mwenye ini bovu ni mlevi, basi Filemon lazima anakunywa gongo kwa kificho na mke anamfunika. Elisifa alisikia yote mawili. Alivumilia, lakini la pili lilimwingia. Akaanza kumnusa mumewe mdomoni akirudi jioni, akijifanya anamsalimia. Filemon alijua. Alisimama mlangoni kama mtu anayepekuliwa na polisi, akapumua, kisha akaingia ndani.

Siku moja mchana Elisifa alikwenda zizini kutafuta panga akamkuta amechuchumaa nyuma ya ndoo, anakomba malai ya maziwa kwa vidole viwili. Mwanaume wa miaka hamsini na tisa. Alipomwona mkewe hakuinuka.

"Unataka kufa?" Elisifa akafoka. "Niambie basi kama unataka kufa, niache kuhangaika!"

"Sina raha nyingine, Mama Kindness," Filemon akasema. "Hii tu."

Elisifa aliimwaga ile ndoo kwenye mtaro. Alilia akiimwaga, kwa hasira, akiamini kabisa kwamba anampenda kuliko yeye anavyojipenda.

Pamoja na hayo yote, ini halikupona. Kila mwaka walirudi kliniki, kila mwaka mafuta yalikuwepo, na kila mwaka mtu mwenye koti jeupe alimuuliza Filemon kwa sauti ya kuchoka kama kweli anafuata masharti. Filemon alijibu kwamba anafuata. Daktari alimgeukia Elisifa, na Elisifa, akikumbuka zile ndoo na zile Jumamosi, alikaa kimya. Kimya chake kilimshtaki mumewe, na wote watatu walijua.

Mwaka 2022, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, tumbo la Filemon lilijaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa njano. Binti yao Kindness, anayefanya kazi Arusha, alikuja na gari la kukodi, akawachukua mpaka hospitali nyingine mjini ambako hawakuwahi kwenda. Huko walipokelewa na daktari msichana, jina lake Brenda. Alisoma karatasi zote za miaka sita, moja baada ya nyingine, kisha akazifunga na kuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mzee, zamani umewahi kuongezewa damu? Au kuchomwa sindano nyingi, zile za kuchemshwa?"

"Damu hapana," Filemon akajibu. "Sindano, nani hakuchomwa? Ujana wetu malaria ilikuwa sindano."

Wakamtoa damu. Siku chache baadaye Dk. Brenda aliwaita chumbani, akafunga mlango.

"Ni homa ya ini aina ya C," akasema. "Ni kirusi. Kinaingia kwa damu, kinakaa kimya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, kinaharibu ini polepole. Lako limeshajaa makovu, mzee. Siwezi kukuficha."

"Na yale mafuta?" Elisifa akauliza.

"Mafuta ni kazi ya kirusi chenyewe, mama. Kikiingia kwenye ini kinavuruga namna ini linavyoshughulika na mafuta, yanabaki humo yanajikusanya. Aina aliyonayo mzee ndiyo inayoongoza kwa hilo. Mtu anaweza kushindia majani matupu na ini likajaa mafuta."

"Kwa hiyo chakula..."

"Kupunguza mafuta hakumdhuru mtu. Lakini haya hayakutoka chunguni." Daktari aligusa zile karatasi za miaka sita. "Waliomwona mwanzo waliona mafuta wakaishia hapo. Wangempima damu mwaka ule, angemeza vidonge miezi mitatu, basi."

Filemon alianza kucheka. Alicheka taratibu, ameshika lile tumbo lake lililojaa maji.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita, Mama Kindness."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Elisifa angepata pa kushika.

Vidonge alianzishiwa. Sharti jipya likaja pia: maji tumboni hayataki chumvi, kwa hiyo sasa hata chumvi aache. Elisifa alisikiliza, akaitikia, akarudi nyumbani, akasuka siagi. Alipika ndizi kama alivyokuwa akizipika zamani, bila chumvi lakini na siagi ya kutosha watu watatu, akamwekea mumewe mbele na kukaa. Filemon aliitazama ikiyeyuka. Alichukua kijiko, akala mara mbili, akakirudisha.

"Kula," Elisifa akasema. "Daktari kasema kula."

"Hamu imekwenda," akasema Filemon. "Ni nzuri. Lakini hamu imekwenda."

Dk. Brenda alitaka mke na mtoto wapimwe pia. Wakapimwa, wote wawili hawakuwa na kirusi. Kwa Kindness daktari hakushangaa, wala kwa Elisifa hakushangaa sana, kwa sababu alisema kirusi hicho hakipendi kupita kati ya mume na mke. Kilichomshangaza kilikuwa kingine.

"Mama, na wewe ulikulia hukohuko?"

"Hukohuko. Kwetu ni juu kidogo ya kwa mume wangu. Baba yangu ndiye alikuwa tabibu wa zahanati, na jioni na Jumapili akichomea watu nyumbani."

"Na wewe alikuchoma?"

"Malaria ngapi! Siwezi kuhesabu."

"Basi una bahati ya pekee," daktari akasema, na akaandika kitu. "Maana kama ilikuwa sindano moja kwa kijiji kizima, ningetegemea na wewe uwe nacho."

Elisifa alitoka akakaa kwenye benchi la nje, bahasha ya majibu mkononi, na hapo ndipo alipokumbuka. Hakuwa ameisahau ile sindano. Hakuwahi tu kuwa na sababu ya kuifikiria. Baba yake, Mzee Elisaria, alikuwa na trei ya chuma yenye mabomba ya kuwachomea watu waliopanga foleni uani. Na kwenye rafu ya juu, chumbani kwake, alikuwa na mkebe wa kakao uliotandikwa pamba. Ndani ya mkebe mlikuwa na bomba dogo la kioo lililofungwa uzi mwekundu, na sindano yake. Hiyo ilikuwa ya watoto wa nyumbani. Ilichemshwa peke yake, kwenye kisufuria chake. Mara moja mama yao aliishusha ili amchomee mtoto wa jirani, baba alipoiona mkononi mwake alimfokea mpaka watu wa nje wakanyamaza.

Akakumbuka na la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi. Mwaka 1985 Filemon alikuwa kijana anayekuja kwao kila Jumapili na kisingizio kipya. Jumapili moja alifika akitetemeka kwa homa. Alitaka kuendelea na safari mpaka hospitali ya misheni, akiwa na nguvu bado za kutembea. Ni Elisifa aliyemshika mkono. "Baba yupo," alimwambia. "Ya nini utembee na homa hivyo?" Akamkalisha kwenye kigoda. Sindano tano za klorokwini, siku tano mfululizo, na kila siku alikaa karibu yake akimwonea fahari baba yake.

Kesho yake asubuhi alipanda kwa baba yake. Mzee alikuwa na miaka karibu tisini, anaishi na Eliufoo, kaka yake Elisifa, mzee wa kanisa. Alimkuta kibarazani, blanketi magotini, anaota jua. Watu waliokuwa wakipita njiani kwenda shambani walisimama kumwamkia, "Shikamoo, Tabibu," naye akiinua mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Wamegundua ugonjwa. Ni homa ya ini, iko kwenye damu. Imeingia kwa sindano."

Mzee akatikisa kichwa. "Hospitali hizi za siku hizi..."

"Siyo za siku hizi, baba. Ana miaka zaidi ya thelathini nayo. Mwaka themanini na tano ulimchoma klorokwini hapa, mara tano."

"Nikamponya."

"Ulimponya."

"Angekufa na malaria yule!" Sauti ya mzee ilipanda ghafla, ikawa ya tabibu wa zamani. "Mnasahau, wote mnasahau. Nilikuwa na mabomba mawili, Elisifa, mawili kwa zahanati nzima. Sindano zimekuwa butu, nazinoa kwenye jiwe. Mafuta ya taa yanatoka kwa kibali, kibali kinatoka Moshi. Nichemshie nini? Mama kasimama pale na mtoto anapinda shingo, nimwambie aende zake sina mafuta ya taa?"

"Ulikuwa unafanyaje?"

"Nasuuza. Maji ya moto ya chupa ya chai. Spiriti ikiwepo, spiriti. Mambo ya ugonjwa huo wa damu hakuna aliyeyajua. Hata waliotufundisha hawakuyajua."

"Naamini, baba," Elisifa akasema. Na kweli aliamini. Alimwona tabibu wa miaka ile, peke yake na foleni ya watu mia, na kama mazungumzo yangeishia hapo angeshuka kwake akiwa na huzuni tu. Lakini alikuwa na bahasha yake ya majibu mfukoni mwa kitenge.

"Mimi wamenipima, sina ugonjwa huo," akasema. "Wala Eliufoo hajawahi kuugua. Sisi tulikuwa na ya kwetu, baba. Ya kwenye mkebe wa kakao. Hiyo mbona ilichemshwa?"

Mzee alivuta blanketi likafika kifuani. Kuku walipita uani, wakarudi.

"Nilikuwa naona majipu," akasema mwishowe. "Watu wanarudi na majipu matakoni. Wengine, mwezi wa pili, macho yanakuwa njano. Sikujua ni nini. Nilijua tu siyo kitu kizuri."

"Ulijua."

"Sikujua! Nilihisi."

"Ukatuwekea ya kwetu."

"Ninyi mlikuwa wanangu."

"Na Filemon?"

"Filemon," mzee akasema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto, "wakati ule alikuwa mgeni tu."

Elisifa aliinuka. Hakuaga. Getini Eliufoo, aliyekuwa amesikia kutoka sebuleni, alimkimbilia akamshika bega.

"Dada, haya yaishie kibarazani. Mzee ana siku ngapi tena? Ukimvunjia jina sasa hivi utapata nini?"

"Wewe umepimwa?" Elisifa akamuuliza.

"Nipimwe nini? Mimi sina shida."

"Huna," Elisifa akasema. "Najua huna." Akaondoa ule mkono begani.

Nyumbani Filemon alikuwa amelala ubavu dirishani, mahali anapoweza kuona zizi.

"Ulimuuliza mzee?"

Elisifa alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na maneno yote mdomoni.

"Nilimuuliza. Anasema hawakujua mambo hayo wakati ule."

"Sasa angejuaje, mzee wa watu," Filemon akasema. "Usimsumbue tena."

Katika ndoa yao ya miaka thelathini na sita Elisifa alikuwa amemficha mumewe vitu vingi vidogo, sukari, siagi, ubavu wa mbuzi. Hiki kikubwa alimficha ili apumzike, akainuka kwenda kuwakatia ng'ombe majani.

Vidonge viliisha baada ya miezi mitatu. Wakasubiri kama walivyoagizwa, Filemon akatolewa damu tena, na Dk. Brenda akapiga simu mwenyewe: kirusi hakipo, kimekwisha kabisa. Lakini ultrasaundi ya wiki hiyohiyo ilionyesha uvimbe upande wa kulia, mkubwa kama limau. Makovu ya ini huzaa hayo, alisema, hata kirusi kikishaondoka. Filemon aliuliza kama na huo una vidonge. Daktari akamjibu kwa ukweli, naye akamshukuru.

Alifariki Februari, saa nne asubuhi, akiwa amepona homa ya ini.

Alizikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya zizi. Mzee Elisaria aliletwa amebebwa kwenye kiti, akawekwa mbele karibu na mchungaji, na watu walipotoka kaburini walipanga mstari kumpa pole na kumwamkia. Elisifa, aliyekaa upande wa pili na kitambaa cheusi, aliwahesabu. Kila aliyezidi miaka arobaini aliyeinama kuushika ule mkono, alijiuliza aliwahi kukaa kwenye kile kigoda mara ngapi.

Siku ya tatu ndugu walikaa uani kumaliza msiba. Msemaji wa familia alieleza maradhi ya marehemu, akasema alisumbuliwa na ini kwa muda mrefu. Mtu nyuma akaguna, na wote wakajua guno lile lina maana gani. Veronika hakuishia kwenye guno.

"Ini lipi? Kaka yangu amekufa kwa njaa, na aliyemnyima chakula yumo humu anakula pole zetu."

Elisifa alisimama. Alikuwa amepanga kwenda kwa mchungaji, ili tangazo la watu kupimwa litolewe kwa maneno laini, lisimguse mtu. Hakufika huko.

"Ni kweli nilimnyima," akasema. "Nilimnyima miaka sita, bure. Hakufa kwa pombe na hakufa kwa chakula. Alikuwa na homa ya ini ya damu, aliipata mwaka themanini na tano kwa sindano aliyochomwa na baba yangu. Sindano hiyo ndiyo mliyochomwa wengi wenu mliokaa hapa. Mimi na Eliufoo tulikuwa na yetu, ya kuchemshwa. Ninyi mlichomwa na iliyosuuzwa. Ugonjwa huu unatibika ukiwahi. Nendeni mkapimwe."

Mzee Elisaria alikuwa ameshapelekwa kwake, hakuwepo. Eliufoo alitazama chini. Kisha mzee mmoja jirani, ambaye Elisifa alimheshimu tangu utoto, akainuka kwa fimbo yake.

"Tabibu aliniokoa na nimonia nikiwa na miaka ishirini," akasema. "Watoto wangu wanne wako hai kwa mkono wake. Wewe, mama, umeua mume wako, sasa unataka kuzika na baba yako angali hai." Akatoka, na wengi wakatoka nyuma yake bila kunywa chai.

Elisifa hakukoma. Alimpigia Dk. Brenda, naye akaja na wenzake zahanati Jumamosi mbili na vipimo vya kutoboa kidole. Nyumba ambazo watu wake walichomwa sindano na baba yake zilikuwa zaidi ya mia. Walikuja watu thelathini na wanane. Saba walikuwa na kirusi. Wengine walipita barabarani mbele ya zahanati na majembe begani, wakatazama foleni, wakaenda zao. Kwa Mzee Elisaria, siku hizohizo, watu walipeleka ndizi na maziwa kuliko walivyowahi kupeleka, ili aone kwamba hawakusikia kitu. Eliufoo alituma ujumbe mara mbili kwamba baba anamuulizia. Elisifa alisoma, hakujibu. Mwezi wa nane mzee alikufa usingizini, na kanisa lilijaa mpaka nje. Elisifa alikwenda, akakaa kwenye benchi la watoto wa marehemu, akasikiliza namna alivyokuwa mtu wa watu wote. Hapakuwa na uongo mwingi katika yaliyosemwa.

Ilikuwa Novemba Veronika alipokuja. Elisifa alikuwa akikata majani kwenye kingo za mfereji, ng'ombe wamebaki wawili. Aliona wifi yake anakuja kwa njia ya migombani, mahali ambapo hakukanyaga tangu msiba, akaendelea kukata.

"Nilikwenda ile Jumamosi ya pili," Veronika akasema. "Jioni, watu walipokwisha. Nilikuwa nacho."

Elisifa alisimamisha mundu.

"Ini langu lina mafuta, wanasema. Kama lake. Makovu hakuna bado." Veronika alikuwa ametazama mfereji. "Nimemeza vidonge, nimemaliza. Jana wamenipa majibu. Kimekwisha."

"Ashukuriwe Mungu."

"Wifi, naye angepona? Wangempima mwanzo, siku ile ya kwanza?"

"Angepona."

Veronika alikaa chini, pale kwenye majani yaliyokatwa, miguu mbele kama mtoto. Elisifa alifunga mzigo mmoja, akaanza wa pili.

"Sijaja kukushukuru," Veronika akasema.

"Najua."

"Kila nikiona uso wako namwona akinyang'anywa ile sahani."

"Hata mimi," Elisifa akasema. Akachuchumaa, akaubana mzigo kwa goti na kuukaza kamba. "Nishikie huku nijitwishe."

Veronika aliinuka, akashika upande wake, wakauinua pamoja mpaka kichwani kwa Elisifa. Kisha kila mtu akaenda njia yake.